Tunawataka wananchi washiriki katika usafi, lakini tumewapa nini cha kushiriki? Mjadala wa taka za majumbani Kigoma-Ujiji

Mwana Ujiji (mleta mada)

Ndugu zangu, salaam. Mazungumzo ya usafi katika mji wetu wa Kigoma-Ujiji yamezoea kuanza na kumalizika kwa lawama moja, kwamba wananchi hawana mwamko. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba hata sisi tunaolaumiwa tumeikubali. Mimi siikubali. Mkazi wa Mwanga au Gungu anayefagia uwanja wake kabla jua halijachomoza, kisha akaunyunyizia maji ili vumbi lisiruke, si mtu asiyependa usafi. Ni mtu ambaye akishafika mpakani mwa kiwanja chake hana pa kuupeleka uchafu aliouzoa. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba wananchi hushiriki pale wanapoona huduma inayoaminika, na kwamba utaratibu tuliouzoea wa kuanza na tangazo la faini, likafuata daftari la ada, na mwisho kabisa gari la taka, umesimama kichwa chini miguu juu.

Tuanze na ukubwa wa mzigo wenyewe. Benki ya Dunia, katika tathmini yake ya taka iliyotolewa mwaka 2018, ilikadiria kuwa mtu mmoja katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara huzalisha wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Kwa kipimo hicho kaya ya watu watano hutoa kilo mbili na ushei, na mtaa wenye kaya 100 hutoa karibu robo tani kila kukicha. Manispaa yetu ina wakazi zaidi ya 200,000, kwa hiyo hata tukikadiria kwa ubahili tunazungumzia makumi ya tani kwa siku. Mzigo wa namna hiyo hauondolewi na Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi. Siibezi siku hiyo, ambayo ilishika mizizi baada ya sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 kugeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima. Imetusaidia kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Hata hivyo, matope yaliyotolewa mtaroni Jumamosi na kuachwa ukingoni hurudi mtaroni kwa mvua ya Jumanne, na aliyeyatoa kwa mikono yake huyaona yakirudi. Mwezi unaofuata mtu huyo hubaki ndani, akaandikwa kuwa hana mwamko.

Mji wetu una tatizo la ziada ambalo ndugu zetu wa bara hawanalo kwa kiwango hiki. Tumejenga kwenye miteremko inayotazama Ziwa Tanganyika. Taka iliyotupwa kwenye korongo la juu haikai huko. Mvua za kwanza za msimu huishusha hadi kwenye mwalo, ufukwe wa wavuvi, mahali pale pale tunapoanika dagaa, au huiacha kwenye mabonde kama la Katubuka ambako maji hujikusanya bila njia nzuri ya kutokea. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470 na lina mto mmoja tu wa kutokea, yaani Lukuga, upande wa Kongo, hivyo maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Chupa inayozama leo mbele ya ufukwe wetu wa Kibirizi haina safari ya kwenda kwa jirani. Na maji ya ziwa hilo hilo ndiyo tunayovuta kwenye mabomba yetu.

Kisheria mambo yako wazi kuliko tunavyodhani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 4, inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 6 kinampa wajibu wa kuyalinda. Na mamlaka za serikali za mitaa zimepewa jukumu la kusimamia taka ngumu, pamoja na kuhimiza zitenganishwe zinapozalishwa. Katika mikutano mingi niliyohudhuria kifungu cha wajibu husomwa kwa sauti kubwa, na kile cha haki hubaki kwenye makabrasha.

Kwa mtazamo wangu mtaa unaotaka kuanza vizuri ungeanza na ratiba. Siku mbili za wiki zinazojulikana, saa inayojulikana, na njia inayojulikana ambayo guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, litapita, hata kama ni guta moja na hata kama njia ni fupi. Ratiba hiyo itimizwe kwa muda wa kutosha hadi akina mama waanze kuitegemea, yaani wakiisikia honi wawe wameshatoa viroba nje. Ndipo mkutano wa mtaa uitishwe kuamua ada. Mtaji wa kuanzia si lazima utoke mfukoni mwa wakazi: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Sioni kwa nini kikundi cha vijana kisiombe mkopo huo kununua guta la taka badala ya kufungua saluni ya kumi na moja katika barabara moja.

Jambo linalovuruga makusanyo kuliko mengine yote, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni swali la nani hasa anayelipa. Nyumba nyingi za Mwanga na Ujiji ni za kupangisha: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na bomba moja. Mkusanyaji akifika na kitabu chake cha risiti humkuta mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye humwambia amtafute mwenye nyumba. Mwenye nyumba yuko Kasulu au Dar es Salaam, na akipigiwa simu hujibu kwamba yeye hatupi hata ganda la ndizi katika nyumba ile. Mkusanyaji akiamua kutoza kila mlango, kijana anayeishi peke yake na kula kwa mama lishe hulipa sawasawa na familia ya watoto saba iliyo chumba cha pili, naye huona ameonewa, na ni kweli ameonewa. Akiamua kutoza kwa kiroba, wenye viroba vingi huamka usiku na kuvipeleka korongoni. Akitoza nyumba nzima, mpangaji mmoja asiyetoa huwaharibia wote. Baada ya kuyapima haya yote nimeegemea kwenye ada ya nyumba nzima, ila igawanywe na wapangaji wenyewe kwa namna wanavyogawana umeme, na zamu ya kukusanya izunguke mlango hadi mlango. Watu wanaojua kugawana LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kuangalia nani ana friji na nani ana balbu moja hawahitaji kufundishwa na mtu wa nje jinsi ya kugawana ada ya taka.

Mwisho, hesabu. Kilichokusanywa, kilichokwenda kwenye mafuta, kilicholipwa vijana na kilichobaki, viandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi ya mtaa kila mwezi, kisha visomwe mkutanoni. Karibuni tujadili.

Mpangaji wa Mwanga

Mleta mada, ninakubaliana na nusu ya uliyoandika. Nusu nyingine inanitia shaka, kwa sababu umepita haraka kwenye jambo linalotuuma wapangaji. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mimi, na sijawahi kuona mwenye nyumba akinirudishia. Nikiongeza ushuru ninaotozwa sokoni, ninajiona nimeshalipa. Sasa nikiambiwa kuna ada nyingine ya taka, ninauliza: ile ya kwanza ilikwenda wapi? Na kama ni lazima tulipe, kwa nini isiingizwe huko huko kwenye LUKU ili kusiwe na kijana wa kugonga mlango saa mbili usiku akiwa na kitabu ambacho sijui kimechapwa na nani?

Mwana Ujiji

Ndugu yangu, malalamiko yako juu ya kodi ya jengo ni ya haki, na mpangaji anayo kila sababu ya kukaa na mwenye nyumba wakakubaliana namna ya kuifidia. Lakini pendekezo la kuipachika ada ya taka kwenye LUKU ninalipinga kwa nguvu zangu zote. Fedha inayokatwa mbali haina mtu wa kuulizwa hapa karibu. Guta lisipofika wiki mbili, utazuia nini? Umeme utaununua tu, na ada itakatwa tu. Nguvu pekee aliyonayo mkazi ni kushikilia malipo hadi huduma irudi, na nguvu hiyo hubaki mikononi mwake pale tu fedha inapokusanywa na kutumika ndani ya mtaa. Tena zipo nyumba zisizo na umeme, na zenyewe zina taka.

Kuhusu kijana wa usiku na kitabu chake, uko sahihi kabisa. Mkusanyaji awe mtu aliyetambulishwa mkutanoni, atembee mchana, na atoe risiti inayotambulika. Pale ambapo malipo yanakwenda moja kwa moja halmashauri, itoke kwenye mashine au kwa namba ya malipo. Asiyekuwa na risiti asilipwe, hata kama ni mtoto wa mjumbe.

Mhudumu wa Afya

Naomba niongeze sababu ya zile siku mbili za wiki, kwa kuwa wengi hudhani ni anasa ya mijini. Katika joto letu nzi wa nyumbani hukua kutoka yai hadi nzi kamili kwa muda wa wiki moja hadi siku kumi, na funza wake huanza kuhama kutoka kwenye taka kutafuta mahali pakavu pa kujigeuzia mapema zaidi ya hapo. Taka zikiondolewa mara moja kwa wiki, funza wengi wameshashuka kwenye udongo wa uwanja wako, na gari linabeba kiroba kilichokwisha kuzaa. Zikiondolewa mara mbili, mzunguko huo hukatwa katikati. Ukiona kiroba kinatembea chini, ujue ratiba imeshachelewa.

Jambo la pili ni kipindupindu. Wakazi wa mkoa huu hawahitaji kukumbushwa mlipuko wa Kagunga mwezi Mei 2015, wakati maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji kisichofikika kwa gari na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta mjini kwa awamu. Kipindupindu huenezwa na kinyesi kinachoingia kwenye maji na chakula, hakiletwi na maganda ya mihogo. Lakini mtaro ulioziba kwa taka ndio unaoyasukuma maji ya vyoo vilivyofurika hadi kwenye visima na mabomba yaliyopasuka. Na ndani ya taka zetu za siku hizi kinyesi kimo, kimefungwa vizuri ndani ya nepi za kutupa. Nepi hizo zisichanganywe na maganda ya kulishia mbuzi. Sindano za wagonjwa wanaojidunga nyumbani ziwekwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya, kwani vijana wa guta hushika viroba kwa mikono mitupu.

Guta la Gungu

Mimi ndiye huyo wa mikono mitupu, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo. Mnazungumzia taka, lakini sisi sehemu kubwa ya tunachobeba ni mchanga. Mama anafagia uwanja asubuhi, anazoa kila kitu kwa sepeto, majani machache na mchanga mwingi, anajaza kiroba. Kiroba kile hakiinuliwi na mtu mmoja. Tunakipandisha mlima kutoka bondeni, injini inalia, mafuta yanakwisha, na tukifika dampo tunamwaga udongo ambao ungebaki pale pale uwanjani bila kumdhuru mtu yeyote. Mtu akiwa na chekeche la zamani, hata lile la mchanga wa ujenzi, achekeche kwanza. Kinachobaki juu ndicho taka. Nimeona nyumba ambayo viroba vitatu vilishuka hadi kimoja kwa jambo hilo peke yake.

La pili ni majivu. Majivu ya mkaa yanayotiwa kiroboni jioni huwa bado yana moto ndani. Mwenzetu aliwahi kuona moshi nyuma yake akidhani ni injini, kumbe mzigo wote umeshika. Majivu yaliyopoa yamwagwe kwenye shimo la choo, yanapunguza harufu, nasi tutabaki salama. Vioo vifungwe kwenye gazeti au boksi na tuambiwe kwamba ni vioo. Chupa za plastiki na vyuma chakavu msituchanganyie na mabaki ya ugali. Vikiwa vikavu tunauza, na fedha hiyo ndiyo inayotufanya turudi hata mwezi ambao makusanyo ni mabaya.

Mwana Ujiji

Kaka, umenisaidia kusema kile nilichokuwa nakitafutia maneno. Kutenganisha taka kumekuwa kukihubiriwa kama jambo la kuokoa dunia, na mkazi wa Rusimbi anayehangaika na ada ya shule hana nafasi ya kuokoa dunia. Lakini akielezwa kwamba mchanga, majivu na maganda vikitoka kiroboni guta litahitaji safari chache, na safari chache maana yake ni mafuta machache na ada ndogo, hapo anaelewa mara moja, kwa kuwa ni hesabu ya mfukoni mwake.

Katika miji yetu taka zinazooza ndizo zilizo nyingi zaidi, na hapa kwetu ni maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga na vichwa vya dagaa. Mwenye mbuzi au jirani mwenye mbuzi ameshapata suluhisho la sehemu kubwa, ila maganda mabichi ya mihogo michungu yana sumu, yaanikwe juani yakauke sawasawa kabla ya kulishwa. Mwenye nafasi uani anaweza kutengeneza mboji: tabaka la maganda mabichi, tabaka la majani makavu, maji ya kutia unyevu bila kulowesha, na kugeuza kila baada ya wiki moja au mbili. Rundo lililopangwa vizuri hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, ambalo huua mbegu za magugu na vimelea vingi, na baada ya miezi miwili hadi mitatu huwa udongo mweusi wa bustani ya mchicha. Vichwa vya dagaa vifukiwe katikati ya rundo, la sivyo mbwa wa mtaa mzima watakuwa wageni wako.

Mkazi wa Isevya, Tabora

Mleta mada, shikamoo kama umenizidi umri. Sisi huku Tabora hatuna ziwa wala miteremko, lakini tuna miembe, na kila mwenye mwembe ana majani ya kuchoma. Jioni mtaa mzima hufuka moshi, na ndani ya majani yale kuna chupa, mifuko ya vifungashio na viatu vya plastiki, ambavyo vikichomwa kwa moto mdogo wa uwanjani hutoa sumu inayoingia moja kwa moja kwenye mapafu ya watoto. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019 na kweli ilipungua, lakini vile vifungashio vyepesi vya kupimia sukari na karanga vimechukua nafasi yake bila aibu. Majani matupu hayana haja ya moto, kwani ndiyo yale makavu ya mboji uliyoyaeleza.

Ninachotaka kuuliza ni hiki. Mikutano yetu ya mtaa huitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Wanaofika ni wazee wa kiume waliostaafu na vijana wasio na shughuli siku hiyo. Wanaoshika taka kila siku ni akina mama, ambao saa hiyo wako sokoni, na mabinti wa kazi na watoto, ambao hawaitwi kabisa. Uamuzi hupitishwa kwa kauli moja, na baada ya wiki mbili tunashangaa kwa nini hautekelezwi. Ninyi huko mmelitatua vipi?

Mwana Ujiji

Marahaba. Hatujalitatua, ila ninajua kilichowahi kusaidia katika mtaa mmoja hapa kwetu. Mkutano ulisogezwa hadi Jumapili saa kumi alasiri, na kabla yake wajumbe walipita uani badala ya barazani. Baraza ni ya wanaume. Ukitaka kujua kiroba kinajazwa na nini na nani hukipeleka jalalani, ingia uani, kaa kwenye kigoda, uliza. Huko ndiko ilikojulikana kwamba watoto walikuwa wakitumwa na ndoo jioni, na kwa kuwa kizimba cha taka kilikuwa mbali na giza limeingia, walikuwa wakimwaga kwenye mtaro wa kwanza waliokutana nao. Kwa miaka viongozi walikuwa wakitafuta watu wazima wa kuwatoza faini, kumbe waliokuwa wakiziba mtaro ni watoto wa darasa la tatu wanaoogopa giza. Saa ya guta ilipohamishiwa asubuhi, wakati mama bado yuko nyumbani, mtaro ule ukabaki wazi kwa muda mrefu kuliko ilivyozoeleka.

Faini sijaikataa. Yupo mfanyabiashara anayemwaga shehena usiku akijua anachofanya, na huyo sheria ndogo imfuate. Lakini faini inayotangazwa katika mtaa usio na guta ni njia ya kuwatoza watu kwa kosa ambalo hawakupewa namna ya kuliepuka.

Mpangaji wa Mwanga

Nimekuelewa zaidi sasa. Nyumbani kwetu tuko milango sita, na jana jioni tumekubaliana zamu. Swali langu la mwisho ni la kiutendaji: katika mkutano wa kwanza tujadili nini, maana ajenda zikiwa nyingi watu huondoka kabla ya sala ya magharibi?

Mwana Ujiji

Jadilini mambo mawili tu. La kwanza ni siku na saa za guta, pamoja na mahali litakaposimama kwa nyumba ambazo njia yake haipitiki. La pili ni nani atashika daftari na nani mwingine atakuwa na haki ya kulikagua wakati wowote bila kuomba ruhusa. Mmoja kati ya hao wawili awe mwanamke, na mmoja awe mpangaji. Kiwango cha ada kiacheni hadi mkutano wa pili, mkiwa mmeshajua guta linatumia mafuta kiasi gani kwa wiki. Na mwalikeni kijana wa guta akae mbele, aeleze mwenyewe kilichomo kwenye viroba vyenu.